Viatu Viwili vya Kushoto

Bibi mshauri mpendwa, naomba unipokee, nimefika mwisho wa akili yangu.

Mimi ni msichana wa mwaka wa kwanza chuoni, na tangu niende huko sijacheka kicheko cha kweli, natazama ukuta, chakula hakipiti, na moyo wangu wote umebaki kwenye duka la viatu nilikofanya kazi likizo ile ndefu ya kungojea chuo, mimi na rafiki yangu wa tangu utotoni, ndani ya jengo la maduka ambalo ngazi zake za umeme zilikuwa zinakwama kila mara. Bibi, tulikuwa na raha! Rafuni tulipanga viatu vya kushoto peke yake, vya kulia na jozi za akiba vinakaa stoo ili mwizi asifaidi, mimi nahudumia, mwenzangu anatoka stoo na kiatu cha pili. Tulikuwa na sauti ya wateja, ile nyembamba ya "Karibu sana dada, nikusaidie nini?", na mteja akishatoka tunaambizana kwa sauti hiyohiyo, "Dada, soksi zako zinanuka, nikusaidie nini?", tunacheka mpaka tunakaa chini. Tuliapa kwenda chuo pamoja, chumba kimoja. Matokeo yakatoka, mimi nikaitwa, yeye hakuitwa. Akanikumbatia, "Nenda bwana, utanisimulia." Sikumsimulia. Kila nikishika simu naona nikisema kuzuri namchoma, nikisema kubaya namkejeli, basi nikanyamaza muhula mzima.

Likizo hii nikaenda dukani. Amekonda. Akanitazama machoni, akasema kwa sauti ya wateja, "Karibu sana dada, nikusaidie nini?" Bibi, nilishindwa kusema ni mimi, nikaonyesha kiatu cheusi kama mteja yeyote, akaingia nacho stoo, akakawia, akatoka na boksi limefungwa, nikalipa, akasema "Karibu tena." Nyumbani nafungua boksi, vyote viwili vya kushoto. Yeye, ambaye hakuwahi kukosea hata duka lifurike! Amenikata bila kunitukana. Nataka kuacha chuo nikaombe kazi yangu ya zamani, labda atanisamehe, la sivyo sioni kwa nini niamke asubuhi. Nifanyeje?

Mwenye boksi

Mjukuu wangu,

Nimesomewa barua yako, nikaomba nisomewe tena, maana mara ya kwanza hasira ziliniziba masikio. Muhula mzima! Mtu kakwambia utanisimulia, ukamnyima hata "nimefika". Ulijidai unamhurumia, kumbe unajihurumia mwenyewe.

Njoo nikufute machozi, halafu nikuchape tena. Uache chuo kwa ajili yake? Nafasi aliyoililia uende ukaibwage miguuni pake kama ganda la ndizi, akushukuru? Tusi ni hilo, si viatu. Mimi sikupelekwa shule hata siku moja, najua mlango uliofungwa unavyoonekana ukiwa nje. Wa ndani akitoka, wa nje haingii. Anazidi kuumia tu.

Na likizo ile, mwanangu, imekwisha. Ukirudi utakuta rafu, vumbi, na mtu mmoja aliyekonda. Omboleza, sikukatazi.

Lakini hebu niambie, alikawia stoo akitafuta nini, humo anamojua kila boksi? Ama machozi yalimziba macho, ama alijua anachofanya: kiatu kibovu hurudishwa, na anayekirudisha sharti afungue mdomo. Mimi sijui ni lipi, na wewe hujui. Ila stoo vimebaki viwili vya kulia, na anavitazama kila siku.

Basi, kula kwanza. Kisha yule wa nyumbani unayemwamini mwambie leo hii kwamba huoni sababu ya kuamka. Neno hilo usilale nalo peke yako. Halafu nenda dukani asubuhi, kabla wateja hawajajaa, boksi mkononi. Akikuletea sauti yake nyembamba, wewe jibu kwa sauti yako: "Ni mimi. Nimekukosea." Habari za chuo zimeze mpaka aulize. Anaweza asiulize. Anaweza akakubadilishia kiatu, akasema karibu tena, na urafiki ukaishia hapo kaunta. Sitakudanganya, hayo yapo. Hata hivyo utarudi darasani, hata kama utalia njia nzima.

Ila akiingia stoo akakawia, usiondoke. Kaa kwenye kibao cha kujaribia viatu, ungoje. Yeye amekungoja muhula mzima.