Taulo la Bosi Linataka Watu Wawili

Jumamosi, mtaani Membley. Baridi ya Julai na manyunyu yasiyoisha. Nyumba imenyamaza.

Mbwa wangu, Bosi, amelala kwenye gunia karibu na mlango. Wiki mbili zilizopita gari lilimgonga hapa nje, na tangu hapo miguu ya nyuma haibebi kitu. Jirani yangu, Mama Shiro, aliandika kwenye kundi la mtaa kwamba kumweka hai ni ukatili. Nilimjibu kwa aya tisa. Kujibu kwa ufupi siwezi, na ndiyo maana hakuna anayenipigia simu siku hizi.

Kila asubuhi nilikuwa nikimfinya Bosi kidole cha mguu wa nyuma, naye anauvuta. Nikarekodi video, nikaituma kundini: "Anahisi! Someni kabla ya kuhukumu."

Niliona nimeshinda.

Leo nimempeleka Thika kwa daktari wa mifugo, video mkononi kama wakili. Daktari, msichana wa rika la binti yangu, hakuitazama. Alikibana kidole kwa koleo dogo. Mguu ukaruka.

"Unaona?" nikasema.

"Mzee, wacha mguu. Angalia uso."

Bosi alikuwa anatazama dirisha. Hakulia. Hakugeuka hata kidogo.

Mguu umejibu, mwenyewe hana habari.

Pamoja na vitabu vyote nilivyosoma, hili sikulijua: mnyama wa miguu minne hapangi kila hatua kwa ubongo. Ubongo hutoa amri ya kuondoka, hurekebisha mwendo, hulinda mizani. Zamu ya miguu, huu ukunjike, ule usukume, hupangwa na neva za uti wa mgongo wenyewe. Za Bosi bado ziko hai chini ya jeraha. Amri ndiyo haifiki.

"Naweza kumdunga sindano leo, alale moja kwa moja," daktari akasema. "Ama umfanyishe mazoezi kila siku. Kuna mbwa mgongo wao hujifunza kutembea bila ubongo. Wengine hapana. Kwani kwa nyumba mko wangapi?"

"Hiyo inahusu nini?"

"Mmoja anamwinua na taulo chini ya tumbo, mwingine anamwekea miguu chini. Peke yako huwezi, mzee."

"Tuko wawili," nikadanganya.

Jioni hii nimejaribu. Nikishika taulo, miguu inaburuzika. Nikishika miguu, tumbo linaanguka. Mara ya nne Bosi alinilamba mkono, nikakaa naye sakafuni kwa muda mrefu.

Kisha nikafungua kundi. Niliandika ukurasa mzima wa kujitetea, nikaufuta. Nikabakisha hivi: "Mama Shiro, ile video nilikosea. Naomba mtu wa kunishikia taulo kesho asubuhi, dakika kumi tu."

Ujumbe ameusoma. Hajajibu.

Taulo limechafuka. Nimelifua, nimelianika karibu na jiko, ili asubuhi liwe kavu, aje asije.