Mgonjwa Wetu

Uko wapi wewe? Shika simu! Shemeji yako yuko ukutani!

Ukutani, nasema. Bango zima pale kituo cha basi. Kipara chake, dripu mkononi, na mgombea kamshika bega kama mama yake mzazi. Chini wameandika: "Nitampigania mgonjwa wetu."

Mgonjwa WETU!

Ile hadithi yangu ya chui na mwavuli, sawa, niliitia chumvi. Hii sijaongeza hata punje.

Siku ile mgombea alipopita wodini na mpiga picha alisema anasalimia tu. Mke wangu hakupata hata nafasi ya kufunga kitambaa kichwani.

Nimewaendea watu wa mgombea ofisini kwao. Msemaji wao, tai imemfika magotini, ananiambia, "Mzee wangu, picha inagusa watu. Mama ni mgonjwa wetu sote."

Nikamwambia, "Basi leo zamu yenu. Njooni mumshikie beseni akitapika."

Akacheka! Eti, "Mzee una vituko."

Mimi ndiye mwenye vituko!

Sasa sikia. Mama mkwe alikuwa hajui. Shemeji yako alimficha hiyo saratani, akisubiri apate nguvu kidogo amwambie mwenyewe, wakiwa wamekaa pamoja. Leo bibi wa watu anashuka kwenye basi kuja kututembelea, anamkuta mwanawe ukutani.

Wamejifungia chumbani. Mimi nimetimuliwa, niko jikoni. Bibi anarudia swali lilelile:

"Mgombea ulimwambia. Mimi mama yako ukaona nisome bangoni?"