Breki ya Upande Wangu

Kifungua mimba wangu,

Huku wazima. Mama yako anauliza kama unakula. Chuoni kwetu yameletwa magari mapya ya kufundishia, yote otomatiki, na mguu wangu wa kushoto siku hizi umekaa tu kama bwana harusi. Limebaki lile kuukuu la gia, nalo lilikuwa liuzwe mwezi ujao.

Umeandika kwamba kazi ya ambulensi umekubaliwa, ila magari yao ni ya gia na wewe leseni uliyopata huko ni ya otomatiki, kwa kuwa gia zilikushinda. Mwanangu, hazikukushinda. Siku ile kabla ya mtihani, gari lilipozimika kilimani mara tatu nikakwambia, "Udereva huna, mama, acha tu," hukuwa umekosea kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga kwa siri ile breki ya mwalimu, iliyo upande wangu. Niliogopa kwamba ukipata leseni utaondoka. Na ukaondoka vilevile, kwa basi, huku unalia.

Nisamehe. Bosi amekubali gari lisiuzwe mpaka uje. Kilima ni kilekile. Fundi nimemwambia aing'oe breki yangu, akacheka: "Sasa mwalimu utashika nini?"

Nikamjibu, "Mkanda."

Nakusubiri,
Baba yako