Machungwa Manne, Umekula Matano

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza furahi nami: mjukuu wangu Zarmina, aliyeanguka kutoka juu ya paa akikimbiza tiara, ametoka hospitali na anatembea, anachechemea kama bata na kujicheka mwenyewe. Matibabu yalikuwa bure, na neno hilo nililitangaza msikitini kama mtu aliyeokota dhahabu, kumbe kilichokuwa bure ni kitanda na dawa, maana mwanangu Rahmdil, mwashi anayelipwa kwa siku, aliacha kazi akimbize vipimo kutoka jengo hadi jengo, mkewe akawa mtu wa bajaji asubuhi na jioni, mtoto mdogo akalelewa na jirani ambaye shukrani yake ni unga, na juu ya hayo yote wageni, kwani sisi watu wa Baghlan, ingawa tumezeekea hapa Peshawar na mche wa mlozi niliouacha kwetu huenda sasa ni kuni, hatujaacha kumlisha anayekuja kumwona mgonjwa. Wanakuja wanane na mfuko mmoja wa matunda, wanaondoka na chai yetu, pilau yetu na nauli yetu. Siku moja Zarmina, mguu ukiwa umening'inizwa, alimwambia binamu yangu, "Bibi Bakhtawar, umeleta machungwa manne, umekula matano!" Wodi ikaangua kicheko. Bakhtawar akajibu, "Mkosa adabu wewe! La tano nilipewa na kitanda cha pili!"

Sasa Rahmdil anataka kuuza pikipiki anayoendea kazini anunue kondoo wa shukrani Ijumaa hii. Nikimzuia ananiambia, "Baba, unataka watu waseme mtoto tumemtoa hospitali kama tumemwiba?" Nami, sitakudanganya, nyama ya kondoo naipenda. Nifanyeje?

Mzee Qudrat, Peshawar

Mzee wangu Qudrat,

Hongera kwa Zarmina, na poleni kwa "bure" hiyo, wengi imewakausha. Sasa nikugombeze kidogo. Mtoto amepata mguu, ndipo baba yake akate wa kwake? Kondoo ataisha Ijumaa hiyohiyo, na Jumamosi Rahmdil atatazama barabara ya kazini kwa macho tu. Hiyo si shukrani, ni ubishi na majirani.

Aibu mnayoiogopa dawa yake mlikuja nayo kutoka kwenu. Ukuta wa mtu ukianguka mnaitana hashar, kila mmoja na koleo lake, na hajatokea wa kumcheka mwenye ukuta. Mwambie mwanao, mwashi mzima, kwamba safari hii ukuta ulioanguka ni wake. Aitishe hashar ya sufuria: huyu mchele, yule karoti, mwingine kuku. Ninyi toeni moto, chai na halwa ya shukrani. Mungu hapimi shukrani kwa mkia wa kondoo. Ufunguo wa pikipiki utie mfukoni mwako leo, usiutoe mpaka Jumamosi alfajiri.

Machungwa mwachie Bibi Bakhtawar. Na mlangoni msimamishe Zarmina, kwa miguu yake miwili, ayahesabu yakiingia.