Manyoya Meusi kwa Maji Machafu

Kilolo, Jumapili jioni, mwisho wa Machi



Wiki iliyopita Shomari, anayewapeleka wageni kuvua kule Mafia, aliniagiza zile ndoano ninazozifunga kwa mkono, za manyoya meupe, zinazofanana na dagaa ili kuwavuta samaki wakubwa. Akalalamika pia kwamba joto ni kali, mvua zimeanza, na maji yamechafuka. Nikamtengenezea nyeusi tupu, bila kumuuliza.

Alipofungua kifurushi alinipigia akifoka. "Binti, huko kwenu mnajua viazi tu! Bahari umeiona wapi?"

Sijaiona. Hilo limeniuma siku zote hizi, na niliogopa hataniagiza tena. Ila mtoni kwetu, maji yakiwa tope, samaki hufuata kivuli kuliko rangi. Hilo nimeliona kwa macho yangu tangu utotoni.

Leo kapiga tena. Wageni wake wamenasa kolekole watatu kwa zile nyeusi kabla ya saa nne asubuhi, mmoja nusura aondoke na mshipi wote.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nitumie nyingine ishirini. Nyeusi."

Nikamjibu kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kusifiwa. Simu ilipokatika nikazunguka nyumba mara mbili, nacheka peke yangu.