Asma, Karanga Tumeshachambua

Mwaka umezunguka, Asma, tangu ulipotutoka. Nyumba hii ya Kondoa bado inajaa watu kama ulivyoiacha, ila haijai.

Dodoma walikujua kama Dokta Asma Abdulwahab, mtafiti wa saratani ya ini na maambukizi yanayoileta. Huku nyumbani ulikuwa "daktari asiye na sindano." Jirani yetu Mwanaidi akikuona tu getini anapiga kelele, "Ficheni karanga, Asma huyo!" Maana hukai kabla hujazama kwenye ungo na kutupa kila punje yenye ukungu, ukisema zinatafuna ini.

Kisha unavua viatu, unajimwaga mkekani. "Dada Mwamvua, nipe habari za mji." Nami sihitaji kubembelezwa. Nani kaolewa, nani kaachwa, na ile nyumba waliyokufa ndugu wawili kwa kuvimba matumbo, watu wakasema wamerogwa. Kesho yake unakwenda kuwapa pole, unashinda huko, na ukirudi, waliobaki wote wamekubali kupimwa homa ya ini. "Umbea wako, dada, unaokoa watu," ulinitania. Nikajisifu mtaa mzima.

Mchumba wa mwanangu Hamida, Hashimu, alipokutwa na homa ya ini, ndoa nusura ivunjike. Siku ya kikao cha familia baba mdogo Athuman aliamuru mgeni apakuliwe pembeni, sahani yake peke yake. Hamida alikuwa jikoni, analia mbele ya vitunguu ambavyo hajavikata.

Ukaingia na vumbi la njia ya Chemba kwenye baibui. Ulipita moja kwa moja upande wa wanaume, ukamimina sahani ya Hashimu kwenye sinia la wote, ukaanza kula.

"Shikamoo, baba mdogo. Homa hii haipiti kwenye wali. Inapita kwenye damu, kwa mume na mke, na kwa mama kumpa mtoto anapozaliwa. Hamida nitampeleka mwenyewe akapimwe na kuchanjwa, kisha ataolewa. Sogeeni, mchuzi unapoa."

Baba mdogo alitazama mlango, akatazama paja la kuku, akanawa mikono.

Hamida alimaliza chanjo zake, na harusini ulicheza mpaka kiatu kikakatika.

Ijumaa hii tunakusomea kisomo. Hashimu ndiye anayesimamia masufuria. Baba mdogo ameshatangaza kwamba atakula sinia moja na mkwe wake, na nafasi hiyo isikaliwe na mtu. Na karanga tumeshachambua zote, Asma. Pumzika.

Unakumbukwa na mama yako Bi Mwanahawa, mume wako Mudrick, dada yako Mwamvua, baba mdogo Athuman, Hamida na Hashimu wako, pamoja na majirani wote, Mwanaidi akiwa mbele.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hutatoka midomoni mwetu, siku zote.