Prosesa ya Mwalimu Jumwa

Kaka Athmani,

Mola alitie nuru kaburi lako. Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako hapa dukani Bombolulu, na mikono bado yanitetemeka. Ungekuwepo ningekuuliza. Hupo, basi nakusimulia.

Tangu tukuzike ni miezi saba. Wateja wengi wamehama. Wakichungulia wakaniona mimi peke yangu, husema, "Tutarudi, dada." Hawarudi. Mwalimu Jumwa wa Mishomoroni ndiye hajaniacha. Utamkumbuka, yule mama asiyeona uliyemtilia kwenye kompyuta ile programu ya kumsomea kwa sauti kila anachokiandika. Bado anafundisha, na masomo yake yote anayaandika humo.

Juzi juzi aliniletea kompyuta hiyo. Kwa joto hili la Januari, ikisoma robo saa inaganda. Nilipangusa vumbi, nikabadilisha feni, nikapaka mafuta mapya ya kupitisha joto. Wapi! Nikaipunguza kasi, ikapoa, lakini sauti ikawa yakatika kama mtu mwenye kwikwi, Mwalimu asiambulie neno. Nikatafuta prosesa nyingine, ule ubongo wa kompyuta, ya aina ile mji mzima, nikakosa. Hapo nikajua ugonjwa uko ndani: mafuta yaliyo chini ya kile kibati kilichogundishwa juu ya prosesa yamekauka. Dawa ni kukibandua kwa wembe. Na chini ya kibati, ulinionyesha mwenyewe, kuna kile kipande cheusi kinachong'aa, ambacho ukikikwaruza vibaya ndiyo basi tena.

Kaka, niliogopa. Siku nne niliifunika ile kompyuta kwa leso nisiione. Mwalimu nikamdanganya kwamba nangoja kifaa. Wallahi nilimdanganya. Nikiiua, nimemkata ulimi mtu ambaye tayari hana macho. Na watu watasema duka lilikufa na Athmani.

Nikaikumbuka siku ulipobandua kibati cha prosesa ya kwanza, ukanishikisha tochi. Ulisema "Bismillahi" kwa sauti tulivu kabisa. Mimi nikaangusha bisibisi, nikainama kuiokota, nikaona goti lako linacheza chini ya meza. Ukaniambia, "Ni joto tu, Mwanaisha." Joto, na goti linatetemeka! Nikainua tochi tena. Najuta sikukushika mkono.

Siku ya tano Mwalimu akaja mwenyewe, kashikwa mkono na bintiye. Uongo ukaniishia. Nikamweleza yote: nikiiacha, atabaki na robo saa zake mpaka kompyuta ife yenyewe, nikibandua, huenda ikapona, huenda nikaiua papo hapo. Akasema, "Mwanangu, macho yangu yalikuwa ya kupasuliwa. Mimi nikauogopa wembe, nikasema ningoje kwanza. Nikangoja mpaka giza likaingia. Wewe bandua. Ikifa, imefia mikononi mwa mtu aliyeniambia ukweli."

Akakataa kuondoka. Akavuta stuli, akaketi karibu yangu.

Nikautia wembe penye pembe, nikausukuma taratibu, unywele kwa unywele. Upande wa kwanza, wa pili. Wa tatu, wembe ukateleza. Kitu kikalia, kidogo sana, kama ukucha ukivunjika. Mwalimu, ambaye masikio yake hayapitwi na kitu, akauliza, "Ndiyo imekufa?"

"Sijui, Mwalimu."

Pembe moja ya kile kipande ilikuwa imemeguka, kiasi cha punje ya mchanga. Nikalia, Kaka. Nikalia huku naendelea, maana kuachia njiani kusingeokoa kitu. Nikakwangua mafuta makavu, nikapaka mapya, kibati nikakiacha kando, nikakaza feni juu yake kwa woga, kwani sasa hapakuwa na kibati cha kukikinga kipande.

Nikawasha. Kioo cheusi. Nikazima, nikachomoa, nikachomeka upya. Cheusi. Bintiye Mwalimu akageuka ukutani. Mara ya tatu ikapiga ule mlio wake wa kuamka, nami nikakaa kitako sakafuni.

Ilisoma saa nzima na zaidi bila kuganda, na ile lafudhi yake ya kigeni. Mwalimu akaisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akacheka: "Hapo nimekosea mimi kuandika, si yeye kusoma. Nirudishie nyuma."

Nilimwambia kuhusu ile pembe iliyomeguka. Sikumficha. Akasema atakwenda nayo hivyo hivyo. Lakini kila asubuhi, nikisikia viatu mlangoni, nadhani ni bintiye amekuja kuniambia imezimika. Hofu haijaondoka, Kaka. Imesogea kando tu, ikanipa nafasi ya kufanya kazi.

Nakuaga hapa. Pumzika, ndugu yangu. Uliyonifunza yamenifaa, na hata uliyonificha yamenifaa. Siwezi kukuahidi kwamba mkono hautatetemeka tena. Nakuahidi kwamba mwenye mali nitamwambia unatetemeka, kabla sijaushika wembe.

Nduguyo akupendaye,
Mwanaisha